Gari Linakula Mafuta? Acha Kwanza Kuisingizia Oksijeni Sensa

Kuna sentensi moja ambayo, kama una gari dogo la Kijapani na unaishi Tanga, lazima umeshaisikia: "Hii gari oksijeni sensa imekufa, badilisha." Inasemwa kwa uhakika wa ajabu. Mashine imechomekwa chini ya usukani, namba imetokea, namba imetafutwa kwenye simu, na jibu limepatikana kabla hata boneti halijafunguliwa. Leo nataka tuikosoe sentensi hiyo. Simkosoi fundi peke yake. Huko mbele utaona kwamba sisi wenye magari, pamoja na sisi tunaojiita wanasayansi, tuna fungu letu kwenye kosa hili. Naikosoa namna ya kufikiri iliyo ndani yake.

(Na ndiyo, nitasema "sensa", neno lilelile la kuhesabiwa watu Agosti 2022. Wataalamu wa lugha wametupa "kihisi", neno zuri tu, ila nenda Ngamiani ukaulize bei ya kihisi cha oksijeni uone utakavyotazamwa.)

Nianze na gari la mjomba wangu. Mjomba ni dereva wa teksi, anaishi Ngamiani kwenye zile barabara za namba, na gari lake ndilo linaloweka chungu jikoni. Kwa miaka lilikuwa likimpa karibu kilomita 13 kwa lita. Mwaka jana likaanza kushuka taratibu, mpaka likafika kilomita 10 na nusu. Ukisikia hivyo unaweza kusema si kitu. Sasa piga hesabu. Mjomba anazunguka kama kilomita 120 kwa siku. Zamani alihitaji lita 9 na kidogo, sasa anahitaji zaidi ya 11. Tofauti ni lita 2.2. Tuchukue petroli ni shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi: hiyo ni shilingi 6,600 kila siku, na kwa siku 26 za kazi inapita 170,000. Kwa mtu wa teksi hiyo ni kodi ya nyumba.

Taa ya cheki injini ikawaka. Akaenda gereji, mashine ikachomekwa, ikasoma P0171. Akaambiwa ile sentensi. Akanunua sensa kwa shilingi 130,000, ikafungwa, taa ikazimwa, na kwa siku tatu gari likawa "limepona". Siku ya nne taa ikarudi. Ndipo akanipigia simu.

"Mjomba, wewe si ndiyo unasoma mambo ya mitambo huko chuo?"

(Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyohivyo, usichanganyikiwe.) Mimi nasoma fizikia ya vifaa, siyo magari, lakini huwezi kumjibu hivyo mtu aliyekulipia ada ya kidato cha tano. Nikasema shikamoo, nikasema nitakuja Jumamosi.

Sasa tuitazame hiyo namba kwa utulivu. P0171 haisemi popote kwamba sensa ya oksijeni imekufa. Inasema: mchanganyiko wa injini ni mwembamba kupita kiasi, yaani hewa nyingi, mafuta kidogo. Basi. Zipo namba nyingine kabisa kwa ajili ya sensa yenyewe, kwa mfano P0135, inayosema saketi ya hita ya sensa ina hitilafu. Kwa hiyo hapa kompyuta ilikuwa imepokea taarifa kutoka kwa sensa, ikaiamini, ikaifanyia kazi mpaka ikachoka, halafu ikapiga kelele. Fundi akasikia kelele, akamtoa nje aliyeleta taarifa. Ni kama mtoto akukimbilie akwambie jikoni kunaungua, wewe ukamchapa yeye.

Ili uone kosa liko wapi, inabidi ujue kazi ya sensa hii. Petroli inaungua vizuri kabisa kukiwa na takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Kompyuta ya injini, ile mafundi wanayoiita kontrolboksi, haiwezi kuonja moshi, kwa hiyo imewekewa ulimi kwenye bomba la ekzosi. Ndani ya sensa kuna kauri ya zirkonia yenye umbo la kikombe kidogo. Upande mmoja wa ukuta wake unaguswa na moshi, upande wa pili unaguswa na hewa ya nje. Kauri ikipata moto wa kutosha, kuanzia kama nyuzi 300 za Selsiasi, tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili inazaa umeme. Hesabu yake ilitolewa na Walther Nernst mwaka 1889, wakati huo hakuna aliyekuwa akiwaza gari lake linakula kiasi gani. Moshi ukiwa hauna oksijeni, tofauti ni kubwa na sensa inatoa karibu volti 0.9. Moshi ukiwa na oksijeni iliyobaki, volti inashuka hadi 0.1 hivi. Kompyuta inaiangalia volti hiyo ikipanda na kushuka, na kila inaposhuka inaongeza mafuta, kila inapopanda inapunguza.

Shika neno moja tu hapo: oksijeni. Sensa haijui mafuta. Haijawahi kuonja petroli maishani mwake. Inajua kama kuna oksijeni mbele ya pua yake au hakuna, na kompyuta ndiyo inayotafsiri kwamba "oksijeni ipo, basi mafuta hayakutosha."

Kompyuta pia inaweka kumbukumbu ya nyongeza inayoitoa. Inaitwa rekebisho la mafuta, na mashine yoyote ya kusoma gari, hata kile kidude cha bei nafuu kinachoongea na simu, kinaweza kukuonyesha kwa asilimia. Gari zima linacheza karibu na sifuri, tuseme kati ya kutoa 5 na kujumlisha 5. La mjomba lilikuwa limejumlisha 23. Yaani kompyuta ilikuwa inamwaga karibu robo ya mafuta zaidi ya ilivyopanga, siku nzima, huku ikiendelea kuambiwa hayatoshi. Namba hii ilikuwa kwenye mashine ya gereji tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyefungua ukurasa wake.

Jumamosi ile nilifanya kitu ambacho najivunia na kitu ambacho sijivunii. Ninachojivunia: nilitoa plagi moja. Ilikuwa nyeusi tii, masizi makavu kama sehemu ya chini ya sufuria ya mkaa. Injini yenye njaa ya mafuta haitoi plagi nyeusi. Plagi yake hupauka, huwa nyeupe-nyeupe. Kwa hiyo tulikuwa na mashahidi wawili wanaopingana waziwazi: kompyuta inasema mafuta hayatoshi, plagi inasema yamezidi. Nisichojivunia ni kwamba nilikaa nusu saa na ukinzani ule mkononi nikitafuta waya mbovu, kwa sababu na mimi kichwani nilikuwa nimeshaamua kosa ni la umeme.

Aliyelimaliza ni mzee mmoja fundi wa zamani, wa enzi za kabureta, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la jirani akinywa kahawa. Alisema tuliache gari lipoe kabisa, kisha tuliwashe. Tukasubiri mpaka alasiri. Lilipowaka, akainamisha kichwa upande wa ekzosi. "Mwasikia?" Tik-tik-tik-tik, sauti nyembamba, ikatulia baada ya dakika chache chuma kilipopata moto na kutanuka. Gasiketi ya ekzosi, pale inapokutana na injini, ilikuwa imeungua upande mmoja. Ukichungulia na tochi uliona alama nyeusi ya masizi ikiwa imejichora kama unyoya.

Utaniuliza, gasiketi ya ekzosi na mafuta vinahusianaje? Moshi hautoki kwenye injini kama maji ya bomba. Unatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo shinikizo ndani ya bomba linashuka chini ya lile la hewa ya nje. Kwenye tundu, moshi unatoka wakati wa pigo, na hewa safi inavutwa ndani baada ya pigo. Hewa ile inasafiri sentimita chache tu na kuifikia sensa. Sensa inasema, "naona oksijeni." Kweli, ipo! Imeingia kwa mlango wa nyuma. Kompyuta inaelewa kwamba mafuta hayatoshi, inaongeza, plagi zinakuwa nyeusi, tanki linakauka, na sensa mpya ya shilingi 130,000 inarudia neno kwa neno alilosema mwenzake aliyetupwa. Sensa zote mbili zilisema kweli tupu.

Gasiketi pamoja na ufundi ilikuwa shilingi 25,000. Wiki moja baadaye rekebisho lilikuwa limeshuka hadi kujumlisha 4.

Sasa, mbona siku tatu za mwanzo gari lilikuwa "limepona"? Hapa ndipo ukosoaji wangu ulipo mzito zaidi, kwa sababu hiki ndicho kinachoifanya ile sentensi iishi. Fundi anapofuta kosa kwenye mashine, mara nyingi anafuta pia kila ambacho kompyuta ilikuwa imejifunza. Rekebisho linarudi sifuri. Gari linaondoka gereji likiwa limesahau, na kwa muda linamwaga mafuta ya kawaida mpaka lijifunze upya. Juu ya hapo, kosa kama P0171 kwa kawaida haliwashi taa mara ya kwanza kuonekana. Kompyuta inasubiri lijirudie safari inayofuata. Kwa hiyo ungefunga sensa mpya, ungefunga ya zamani ileile, ungefunga kipande cha muhogo chenye waya nne (hapana, huo ungekamatwa mara moja), taa ingezimika na kila mtu angeshikana mikono. Jaribio ambalo linatoa jibu "ndiyo" hata ukikosea si jaribio. Mtu akikwambia sensa ndiyo ilikuwa mbovu kwa sababu taa ilizimika baada ya kubadilisha, muulize: ungeifuta tu bila kubadilisha, isingezimika?

Kuna kitu kingine kuhusu hizi namba ambacho naona hatusemi vya kutosha. Hazikutungwa kwa ajili ya mfuko wako. Sensa ya oksijeni ya Bosch ilianza kuuzwa ndani ya Volvo mwaka 1976, kwa ajili ya soko la California, ili kisafisha moshi, yale mafundi wanayoyaita masega, kiweze kufanya kazi. Na mfumo wa namba tunaousoma leo, OBD-II, ulilazimishwa Marekani kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, ili kukamata gari linalochafua hewa. Kigezo chake kikubwa ni kwamba taa iwake hitilafu inapoweza kufanya uchafu uzidi kiwango cha sheria mara moja na nusu. Kwa hiyo gari linaweza kukulia mafuta mwaka mzima bila taa yoyote, na taa inaweza kuwaka kwa jambo lisilogusa mafuta yako hata kidogo. Namba ni lugha ya mkaguzi wa moshi. Sisi tunaisoma kama risiti ya sheli.

Mfano wa gari linalokula kimya kimya upo hapahapa pwani, na karibu kila gereji nimeuona: thamostati iliyotolewa. Hoja ni kwamba Tanga kuna joto, injini isije ikachemka, basi kile kijivali kinachozuia maji ya rejeta kitolewe kitupwe. Lakini thamostati haipo pale kwa ajili ya baridi ya Japani. Ipo ili injini ifike joto lake la kazi, nyuzi 80 na kitu, na ibaki hapo, iwe Lushoto au Raskazone. Ukiitoa, maji yanazunguka muda wote, na ukiwa barabarani kuelekea Muheza na upepo unapiga rejeta, injini inaweza isifike joto lake safari nzima. Sensa ya joto inaripoti kwa uaminifu kwamba injini ina baridi. Kompyuta inaongeza mafuta, kama inavyofanya asubuhi ukiwasha. Halafu wiki ijayo mwenye gari anaambiwa sensa ya joto imekufa! Ukitaka kujua kama kweli imekufa, usinunue kitu. Asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha, washa swichi bila kuwasha injini, soma joto la maji na joto la hewa kwenye mashine. Vyote vinatakiwa kukaribiana, na kukaribiana na asubuhi yenyewe. Kama kimoja kinasema 27 na kingine kinasema kutoa 40, umempata mwongo wako, au umepata waya wake uliokatika. Mwenye mita ya umeme anaweza kupima sensa yenyewe: zile za Toyota nyingi zinatoa karibu omu 2,500 kwenye nyuzi 20, na kama omu 300 kwenye nyuzi 80.

Nisije nikaonekana naitetea sensa kupita kiasi. Sensa za oksijeni hufa, na magari yetu mengi yanafika hapa yakiwa yameshatembea sana. Inayozeeka mara nyingi haifi ghafla, inakuwa mvivu: volti inapanda na kushuka kwa kuchelewa, na kompyuta inarekebisha kosa la dakika iliyopita. Nyingine tunaziua wenyewe kwa silikoni ya tyubu. Ile inayopakwa kila mahali badala ya gasiketi, kama si aina iliyo salama kwa sensa, mvuke wake unapita kwenye injini na kuacha ukoko mweupe kwenye ncha ya kauri. Zamani risasi ndani ya petroli nayo ilikuwa sumu yao kubwa, lakini hiyo iliondolewa Afrika kusini ya Sahara kufikia 2006, na bado unamsikia mtu anasema "mafuta yetu yanaua sensa" kana kwamba ni 1998. Mafuta ya kuchakachuliwa kwa mafuta ya taa ni jambo jingine, ni kweli yalitusumbua. Ndiyo maana EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010.

Lakini sensa mvivu unaweza kuihoji. Injini ikiwa na moto, mwache mtu ashike mizunguko 2,500 kwa dakika, wewe tazama volti ya sensa ya mbele. Inatakiwa iruke juu na chini bila kukoma. Chomoa kimpira kimoja kidogo cha hewa kwenye manifoldi: volti lazima ishuke hapohapo, halafu kompyuta ianze kupigana nayo. Kirudishe. Ikijibu haraka, iache. (Angalizo: baadhi ya magari yana sensa ya aina nyingine, ya kupima uwiano, ambayo kwenye Toyota inakaa karibu volti 3.3 na inapanda pale hewa inapozidi, kinyume kabisa. Waya nne, umbo lilelile, maana tofauti. Nimeona mtu akilaaniwa sensa nzima kwa kuisoma kwa kanuni ya mwenzake.)

Nirudi kwa fundi, maana niliahidi. Kwa nini hafanyi haya yote? Kwa sababu hatumlipi kwa haya yote. Mzee wa kahawa alisubiri gari lipoe saa nne nzima, akasikiliza dakika mbili, na mjomba wangu, mtu muungwana kabisa, alitaka kumpa "ya soda". Lakini kwa sensa alitoa 130,000 bila kukunja uso, kwa sababu sensa ilikuwa kitu kwenye boksi, kinashikika. Sisi wateja tunalipia spea na mkono unaofunga bolti. Kichwa tunakitaka bure. Katika soko la namna hiyo, fundi anayesema "niachie gari leo nilichunguze" analala njaa, na anayesema "oksijeni sensa" anakula. Nami kama ningekuwa na watoto watatu ningesema oksijeni sensa.

Na sisi wa vyuoni? Tumeandika makala ngapi za "fahamu sensa za gari lako", zote zikiishia na ushauri wa kumwona mtaalamu? Tunaeleza kifaa, hatuelezi jinsi ya kukishuku kwa haki. Hata hapa kwetu iliwahi kupita moja ya namna hiyo, niliihariri mimi.

Kama gari lako linakula, anza na kitu ambacho hakihitaji mashine. Jaza tanki sheli moja, pampu ileile, mpaka ikate yenyewe. Andika kilomita. Tembea siku zako za kawaida, rudi palepale, jaza tena mpaka ikate, gawa kilomita kwa lita. Fanya mara tatu. Wengi wanaosema "gari inakula" hawana namba ya kabla wala ya baada, wana noti inayoisha haraka, na noti inaisha haraka pia pale EWURA inapotangaza bei mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi. Ukishakuwa na namba, mwombe fundi akuonyeshe rekebisho la mafuta, toa plagi, sikiliza ekzosi ikiwa baridi. Na mlipe kwa muda huo.

Ile sensa ya zamani mjomba hakuitupa. Aliipa gereji ya kwanza pesa, lakini sensa yenyewe aliifunga kwenye mfuko wa nailoni akaiweka droo ya gari. Jioni ile nikaiomba. Jikoni kwa shangazi kuna jiko la gesi. Nikaishika kwa koleo, waya zake nikaunga kwenye mita, ncha nikaiingiza katikati ya moto wa buluu. Kwa dakika kama moja hakuna kitu, kauri inapasha. Halafu mita ikaanza kupanda: 0.2, 0.5, ikatulia kwenye 0.8. Nikaitoa motoni, ikaanguka hadi karibu sifuri kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Nikairudisha, 0.8. Nikaitoa, sifuri.

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni. "Kwa hiyo hii nzima?"

"Nzima, mjomba."

Akaichukua ikiwa bado ya moto, akaibadilisha mkono huu na ule, akaenda kuirudisha kwenye mfuko wake wa nailoni.